Umeme wa Nyuklia: Birika ni Lile Lile, Moto Ndio Mwingine

(Mazungumzo ya wiki hii kama yalivyosomwa redioni)



Siku chache zilizopita nilikwenda kwa fundi wangu wa cherehani kuchukua suruali niliyompelekea apunguze kiuno. Nilimkuta yuko katikati ya kazi, mara umeme ukakatika. Fundi hakulalamika. Aliinuka, akaivuta cherehani yake ya zamani ya kukanyaga kwa miguu, akaendelea kushona kama vile hakuna lililotokea. Kisha, bila kuinua macho, akaniuliza: "Mzee, wewe unayesema redioni, hebu nieleze. Nasikia wenzetu Kenya wanataka kujenga umeme wa nyuklia kule ziwani. Hiyo nyuklia ni bomu au ni umeme? Na kama ni umeme, mbona watu wengine wanaukimbia?"

Nikamwambia kwamba swali hilo halijibiwi kwa kusimama mlangoni, nitamjibu redioni. Akacheka, akasema: "Sawa, lakini usinisomee kitabu."

Basi leo namjibu fundi, nawe usikie. Mimi si mhandisi. Lakini jambo hili si gumu kama linavyotishwa, na kwa kuwa linakuja jirani kabisa na nyumba yetu, si vizuri tuwaachie wataalamu peke yao.

Tuanze na umeme wenyewe. Ukiondoa umeme wa jua, karibu umeme wote unaoujua hupatikana kwa njia moja: kuna kitu kinazungushwa. Ndani ya jenereta kuna sumaku na nyaya za shaba. Sumaku ikizunguka karibu na nyaya, umeme hupita katika nyaya. Hayo yaligunduliwa na Mwingereza Michael Faraday mwaka 1831, na mpaka leo hatujapata njia nyingine kubwa iliyoishinda hiyo. Kinachobaki ni swali moja tu: nani atazungusha?

Kidatu na Mtera, maji yanazungusha. Katika bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, maji yanazungusha. Ubungo, gesi ya kutoka Songo Songo inazungusha. Kule Olkaria, Kenya, mvuke unaotoka chini ya Bonde la Ufa unazungusha. Mahali penye makaa ya mawe, watu huwasha moto, huchemsha maji, na mvuke wa maji hayo husukuma gurudumu kubwa lenye mapanga. Gurudumu hilo wataalamu huliita turbini.

Sasa, ndugu msikilizaji, kituo cha umeme wa nyuklia ni birika. Hakuna ajabu nyingine. Maji yanachemka, mvuke unatoka, mapanga yanazunguka, jenereta inazunguka, taa inawaka. Ukisimama upande wa jenereta huwezi kujua kama mvuke ule umetoka kwenye makaa ya mawe au kwenye nyuklia. Tofauti yote iko chini ya birika, yaani kwenye moto. Na moto huo ndio uliowagombanisha watu duniani kwa zaidi ya miaka 70.

Moto wa kuni ni mambo ya juu juu ya atomi: kaboni ya kuni inakutana na hewa ya oksijeni, joto linatoka. Moto wa nyuklia unatoka katika kiini cha atomi, mahali padogo mno lakini palipofungiwa nguvu nyingi ajabu. Madini yanayotumika ni urani. Lakini si urani yote inayofaa. Chukua atomi 1,000 za urani iliyotoka mgodini, utakuta saba tu ndizo zinazokubali kupasuka kwa urahisi. Hizo huitwa urani 235. Zile nyingine 993 karibu zote ni urani 238, nazo ni nzito wa kutikisika. Ndiyo maana kabla ya kutumika katika vinu vilivyo vingi, urani hurutubishwa, yaani fungu la hizo zinazopasuka huongezwa mpaka kufikia kiasi cha tatu hadi tano katika kila mia.

Hapo hapo nimjibu fundi nusu ya swali lake. Urani ya bomu hurutubishwa mpaka kufikia kiasi cha 90 katika kila mia. Kwa hiyo kinu cha umeme hakiwezi kulipuka kama bomu la Hiroshima, hata mtu angetaka. Kinaweza kuharibika vibaya, na nitaeleza namna gani, lakini si kwa njia hiyo.

Kupasuka kwenyewe kunakwendaje? Kuna chembe ndogo iitwayo nyutroni. Ikiingia katika kiini cha atomi ya urani 235, kiini hicho hutikisika na kupasuka vipande viwili. Hapo joto hutoka, na pamoja na joto hutoka nyutroni nyingine mbili au tatu. Hizo nazo huenda kupasua viini vingine, navyo hutoa nyutroni nyingine.

Fikiria uvumi wa mtaani. Mmoja anawaambia wawili, wawili wanawaambia wanne, wanne wanawaambia wanane, na kabla ya adhuhuri mtaa mzima una habari. Ukitaka uvumi uendelee bila kuzidi wala kufa, lazima katika kila watu wanaosikia, mmoja tu apeleke mbele, wengine wanyamaze. Kinu cha nyuklia kinaendeshwa hivyo hivyo. Ndani yake kuna fito zilizotengenezwa kwa vitu kama boroni, ambavyo kazi yake ni kumeza nyutroni. Hao ndio wasikiao wakanyamaza. Fito zikishushwa, moto hupungua. Zikiinuliwa, moto huongezeka. Zikiangushwa zote kwa mara moja, kupasuka husimama kwa sekunde chache.

Lipo jambo jingine. Nyutroni inayotoka katika mpasuko huwa na mbio mno, hupita bila kushika kitu. Lazima ipunguzwe mwendo. Katika vinu vingi kazi hiyo hufanywa na maji ya kawaida, maji yale yale yanayobeba joto. Na hapo pana busara: maji yakipungua, nyutroni hukosa wa kuzipunguza mwendo, na moto wenyewe hufifia. Shika neno hilo, tutalihitaji tukifika Chernobyl.

Urani yenyewe huwekwa katika vidonge vidogo, kila kimoja kama ncha ya kidole chako. Vidonge hupangwa ndani ya mirija mirefu ya chuma maalumu, na mirija hiyo hufungwa pamoja kama mzigo wa kuni. Kidonge kimoja cha gramu saba hivi hutoa joto linalokaribia lile la tani nzima ya makaa ya mawe. Tani moja dhidi ya kidonge! Hapo ndipo mvuto wa jambo hili ulipo.

Sasa twende mahali penyewe. Katika bara letu lote, mpaka leo kituo kimoja tu ndicho kinachozalisha umeme wa nyuklia kwa ajili ya gridi, nacho ni Koeberg, kiasi cha kilomita 30 kaskazini ya mji wa Cape Town. Kina vinu viwili, kila kimoja cha megawati zinazozidi 900, vilivyoanza kutoa umeme mwaka 1984 na 1985 kwa ufundi wa Kifaransa.

Koeberg kuna mizunguko mitatu ya maji, na haichanganyiki. Maji ya kwanza hupita katikati ya urani yenyewe, nayo hubanwa kwa shinikizo kubwa mno hivi kwamba hata yakifika nyuzi 300 na zaidi hayachemki. Maji hayo hupitishwa ndani ya mabomba membamba maelfu, na joto lake hupenya kuta za mabomba na kuchemsha maji ya pili yaliyoko nje. Maji ya pili ndiyo yanayotoa mvuke wa kuzungusha mapanga. Maji ya tatu ni ya bahari ya Atlantiki, na kazi yake ni kuupoza mvuke ukishamaliza kazi, ili uwe maji tena na kurudi mwanzo. Maji ya bahari hurudi baharini yakiwa na joto kidogo kuliko yalivyotoka. Ndiyo sababu vituo hivi hujengwa pwani, au kwenye mto mkubwa, au kwenye ziwa. Katika kila mafungu matatu ya joto, moja tu ndilo linalogeuka umeme. Mawili yanatupwa, na lazima pawe na mahali pa kuyatupa.

Koeberg ina historia yake. Desemba 1982, kabla haijaanza kazi, wapiganaji wa ANC walitega mabomu ndani yake, yakalipuka bila kuua mtu. Urani ilikuwa haijatiwa kinuni. Desemba 2005, jenereta ya kinu cha kwanza iliharibika kwa sababu ya bolti iliyoachwa ndani. Bolti moja! Haikuwa ajali ya mionzi, lakini watu wa Cape Town walikaa katika mgawo wa umeme kwa miezi kwa sababu yake. Pamoja na hayo, kwa miaka 40 kituo hicho kimefanya kazi bila ajali kubwa ya nyuklia, na mwaka 2024 kinu cha kwanza kilipewa ruhusa ya kuendelea miaka 20 zaidi.

Basi, kama mambo ni hivyo, watu wanakimbia nini?

Wanakimbia majivu. Moto wa kuni ukizima, baada ya muda unashika majivu kwa mkono. Moto wa nyuklia hauko hivyo. Vile vipande viwili vya urani iliyopasuka havitulii. Vinaendelea kutoa mionzi na joto, vingine kwa sekunde, vingine kwa miaka, vingine kwa maelfu ya miaka. Mionzi hiyo huharibu chembe hai za mwili, na ikizidi huleta maradhi, pamoja na saratani.

Na katika hilo kuna jambo ambalo watu wachache hulijua, ingawa ndilo ufunguo wa yote. Ukizima kinu cha nyuklia, hakizimiki mara moja. Fito zimeshuka, kupasuka kumesimama, lakini yale majivu yanaendelea kutoa joto, mwanzoni kiasi cha sita au saba katika mia ya nguvu yote ya kinu. Katika kinu kikubwa, hilo ni joto la kuyeyusha chuma. Kwa hiyo lazima maji yaendelee kupita, saa baada ya saa, siku baada ya siku. Na ili maji yapite, pampu lazima zizunguke. Na ili pampu zizunguke, kwa kawaida lazima pawe na umeme. Umeona? Kituo cha umeme kinachozimwa kinahitaji umeme.

Hilo ndilo lililotokea Fukushima, Japani, tarehe 11 Machi 2011. Tetemeko kubwa la ardhi lilipotokea, vinu vilivyokuwa vikifanya kazi vilijizima vyenyewe kama ilivyotakiwa. Umeme wa gridi ukakatika, jenereta za dizeli zikawaka kama ilivyotakiwa. Baada ya chini ya saa moja, wimbi la bahari la urefu wa mita 14 hivi likavuka ukuta, likazamisha jenereta. Pampu zikasimama. Urani ya vinu vitatu ikayeyuka, hewa ya haidrojeni ikalipua mapaa ya majengo, na watu zaidi ya 100,000 wakahamishwa. Serikali ya Japani imekubali kifo cha mtu mmoja kuwa kilitokana na mionzi. Lakini wazee na wagonjwa zaidi ya 2,000 wa mkoa ule walikufa kutokana na taabu za kuhamishwa. Kwa hiyo hofu na kukimbia navyo viliua, na viliua kuliko mionzi.

Chernobyl ilikuwa mambo mengine. Tarehe 26 Aprili 1986, usiku wa manane, katika Ukraine iliyokuwa chini ya Urusi ya Kisovieti, mafundi walikuwa wakifanya jaribio huku mitambo kadhaa ya usalama imezimwa. Kinu chao kilikuwa cha aina nyingine: kilichopunguza mwendo wa nyutroni hakikuwa maji bali mawe ya grafiti. Kwa hiyo maji yalipogeuka mvuke, moto haukufifia, uliongezeka. Nguvu ilipanda ghafla, kinu kikapasuka kwa mvuke, grafiti ikashika moto, na juu yake hapakuwa na jengo imara la saruji la kuzuia. Sumu ikapaa angani. Watu kama 30 walikufa katika wiki na miezi ya mwanzo, wengi wao wafanyakazi wa kituo na wazimamoto. Mji wa Pripyat, wenye watu zaidi ya 45,000, ulihamishwa siku iliyofuata, na mpaka leo haukaliwi. Watoto maelfu walipata saratani ya tezi ya shingoni kwa kunywa maziwa yaliyoingia ayodini yenye mionzi. Ayodini ndiyo ile ile tunayoiita madini joto katika chumvi. Mwili hauwezi kutofautisha iliyo njema na iliyo mbaya. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2005 kwamba vifo vingeweza kufikia 4,000 miongoni mwa waliopata mionzi mingi zaidi. Wako wanaosema ni vingi zaidi kuliko hivyo, na ubishi huo haujaisha.

Sasa sikiliza upande wa pili, maana mahakama haisikilizi shahidi mmoja. Wanaoutetea umeme huu wanasema: mnahesabu maiti wa nyuklia kwa sababu wanaonekana siku moja. Je, moshi wa makaa ya mawe? Huo huua watu kila mwaka, kimya kimya, vifuani mwao, na hakuna anayeandamana. Na je, maji? Agosti 1975 bwawa la Banqiao huko China lilipasuka kwa mvua ya kimbunga, na watu makumi ya maelfu wakafa. Ukigawanya vifo kwa kiasi cha umeme uliopatikana, nyuklia inakaa karibu na jua na upepo, na makaa ya mawe yako mbali sana juu. Tena nyuklia haitoi hewa ya ukaa inayopandisha joto la dunia, na haingoji mvua. Sisi tuliokaa gizani miaka ambayo Mtera ilikauka tunajua maana ya kungoja mvua.

Kwa maneno hayo nchi zimegawanyika. Ufaransa hupata kiasi cha theluthi mbili ya umeme wake katika nyuklia. Ujerumani, jirani yake wa mlango kwa mlango, ilizima vinu vyake vitatu vya mwisho tarehe 15 Aprili 2023. Falme za Kiarabu, walikojaa ndugu na jamaa zetu wanaotafuta riziki, zilianza kujenga Barakah mwaka 2012, na mwaka 2024 kinu cha nne kilikuwa kinafanya kazi. Vyote vinne vinatoa karibu robo ya umeme wa nchi. Misri nayo inajenga vinu vinne huko El Dabaa kwa mkopo wa Urusi wa dola bilioni 25.

Hapo kwenye dola ndipo wapinzani wanapopigia msumari wa pili. Urani ni rahisi, lakini kinu ni ghali. Finland ilianza kujenga kinu cha tatu cha Olkiluoto mwaka 2005, ikatarajia kukiwasha mwaka 2009. Kilianza kazi ya kawaida mwaka 2023. Miaka 18! Na hao ni Wafini, watu wasiojulikana kwa uzembe. Mkopo unahesabu riba huku kinu hakijawasha hata taa moja.

Na msumari wa tatu ni majivu yale yale. Urani iliyotumika hukaa kwanza miaka kadhaa ndani ya madimbwi ya maji, kisha katika makasha mazito ya chuma na saruji. Kwa wingi si kitu, lakini kwa muda ni kitu kikubwa: plutonia iliyomo hupungua nusu kila baada ya miaka 24,000. Finland hiyo hiyo imechimba mahandaki zaidi ya mita 400 ndani ya mwamba ili kuizika. Sehemu nyingine nyingi za dunia, taka hizo zinakaa uani kwa mwenye kituo, zikisubiri wajukuu waamue.

Ndugu msikilizaji, usidhani haya ni mambo ya wazungu tuliyoyadaka juzi. Urani ya bomu lililopiga Hiroshima mwaka 1945, sehemu kubwa yake ilitoka Shinkolobwe, Katanga, kwa ndugu zetu Wakongo wanaosema Kiswahili kama sisi. Waliichimba bila kuambiwa ni ya nini. Na leo, katika wilaya ya Namtumbo, mkoani Ruvuma, kuna urani yetu wenyewe kando ya mto Mkuju. Ili mgodi upatikane, mwaka 2012 UNESCO ilikubali mipaka ya pori la Selous ipunguzwe, na mwaka 2025 mtambo wa majaribio wa kusindika urani ulizinduliwa huko. Kwa hiyo tumo mchezoni tayari, hata kama hatuna kinu.

Na sasa Kenya. Walianza kuliandaa jambo hili rasmi mwaka 2010. Mahali pa kwanza palipotajwa sana ni Uyombo, katika kaunti ya Kilifi, karibu na Watamu na msitu wa Arabuko Sokoke. Wavuvi na wakazi wa pale wakakataa, na Mei 2024 waandamanaji na polisi wakakabiliana. Baadaye macho yakahamia Siaya, kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria. Uganda nayo inasema itajenga Buyende.

Mimi sina haki ya kuwapangia Wakenya wala Waganda. Lakini ziwa halina uzio. Mwanza, Musoma na Bukoba wanakunywa maji ya ziwa hilo hilo, na sangara hana pasipoti. Kwa hiyo nina haki ya kuuliza, nawe unayo.

Swali la kwanza ni la gridi. Mahitaji ya juu kabisa ya Kenya yamekuwa yakizunguka megawati 2,300. Wataalamu wa nyuklia hushauri mtambo mmoja usizidi kiasi cha sehemu moja ya kumi ya gridi, ili ukizimika ghafla usiangushe kila kitu. Kinu cha megawati 1,000 ni karibu nusu ya mahitaji hayo! Ni kweli vinu vidogo vinatengenezwa. Urusi ina kituo kimoja kinachoelea kule Pevek, kinachofanya kazi tangu mwaka 2020. Ni kweli pia kwamba tangu Desemba 2024 waya mkubwa umetuunganisha sisi na Kenya, na gridi zikiungana huwa imara zaidi. Lakini kuungana maana yake ni kwamba jirani akianguka anaweza kutuvuta mkono.

Swali la pili ni lile la Fukushima. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima kwa saa nyingi, na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia gizani. Sisi nasi tumeyaona ya kwetu. Siku kama hiyo, pampu za kinu zitazungushwa na nini, na nani amezikagua jenereta hizo mara ya mwisho?

La tatu: taka zitakaa wapi, na fedha za kuzitunza zitawekwa katika mfuko gani ambao hakuna mkono wa kuuchota?

La nne: msimamizi wa usalama atakuwa na ubavu wa kumwambia waziri "zima kinu" na kinu kikazimwa? Pale Fukushima, tume ya uchunguzi ya bunge la Japani ilisema waziwazi kwamba msimamizi na msimamiwa walikuwa wamekaa kitako kimoja. Ajali ilianza hapo, miaka mingi kabla ya wimbi.

Na la tano: kwa fedha hizo hizo, tungepata nini kingine? Kenya ina mvuke wa Olkaria, ambao tayari unatoa sehemu kubwa ya umeme wake. Na hapa nikupe habari ya kuchekesha: sehemu kubwa ya joto la ndani ya dunia hutokana na urani na jamaa zake waliotawanyika katika miamba, wakichakaa polepole tangu dunia ilipoumbwa. Kwa hiyo Olkaria nayo, kwa namna yake, ni nyuklia. Tofauti ni kwamba majivu yake Mungu ameyazika mwenyewe.

Ukiniuliza mimi niko upande gani, nitasema hivi. Siogopi birika. Fizikia ya kinu inajulikana, na Koeberg inatuonyesha kwamba Waafrika wanaweza kukiendesha. Ninachokiogopa ni bolti iliyosahauliwa, ripoti iliyofichwa, na mkataba uliosainiwa usiku. Nchi inayoweza kujibu maswali matano hayo hadharani, mbele ya wavuvi wake, ijenge. Isiyoweza, ingoje. Asiyefunika vizuri sufuria ya maharage asipewe ya mafuta ya moto.

Nilirudi kwa fundi juzi nikamweleza haya kwa kifupi, maana suruali ilikuwa bado haijakwisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, mguu ukiendelea kukanyaga. Kisha akasema: "Kwa hiyo Mzee, tatizo si moto, tatizo ni mpishi." Nikamwambia ndiyo. Akatikisa kichwa, akaniambia suruali nije Jumamosi, umeme ukiwapo.